Zile saiti za siasa zilienda wapi, na mimi nikianzisha moja leo nitakula?

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji wa Umoja. Ameandika hivi: "Mkubwa, habari ya saa hii. Nilimaliza diploma ya uanahabari mwaka jana na sijapata kazi. Nataka kuanzisha saiti ya siasa za Nairobi tu, mambo ya City Hall, MCA, bajeti, wadi. Lakini kila mtu nikimwambia anacheka, ati hizo ziliuliwa na Facebook kitambo. Na mimi nakumbuka nikiwa shule baba alikuwa anatusomea stori za hizo blogu asubuhi tukinywa chai. Zilikufa aje? Na nikianza leo nitakula? Halafu ninunue .com ama .co.ke?"

Nzuri dadangu, na pole na kutafuta kazi, hiyo barabara naijua. Nitakujibu kirefu juu hii kitu nimeishi ndani yake. Kutoka 2011 mpaka 2019 nilikuwa ripota, baadaye mhariri, kwa saiti moja ya siasa hapa town, jina sitalitaja kwa sababu wenzangu bado wanatafuta unga kwa hii kazi, na siku hizi nashinda nikisaidia vyumba vidogo vya habari kupanga hesabu zao. Kwa hivyo mengine nitakayokuambia niliyaona na mengine niliyafanya kwa mkono wangu.

Hao wanaocheka waambie Facebook ilifika wakati wa mazishi. Sisi tulianza kufa siku ile tuligundua stori inalipa zaidi ukiishusha kutoka kwa saiti kuliko ukiiweka. Ngoja nifike hapo polepole, kwanza nikutoe mbali.

Kabla ya intaneti kufika kwa mtu wa kawaida kulikuwa na yale magazeti ya vichochoroni, sijui kama mzee wako alikuwa ananunua. Karatasi mbaya, picha imefifia, kichwa cha habari kikubwa kuliko stori yenyewe. Muuzaji wa barabara ya Tom Mboya alikuwa anakukunjia ndani ya gazeti la kawaida unaenda nalo kama umebeba bangi. Mwaka 2002 sheria ya vitabu na magazeti ikafanyiwa marekebisho, dhamana ya mtu anayetaka kuchapa gazeti ikatolewa shilingi 10,000 ikapelekwa milioni 1, na kila mtu alijua hao ndio walikuwa wanalengwa. Wengi hawakuiweza. Lakini hamu ya kujua waziri fulani amekula nini na nani haikwenda popote, ilikaa tu ikingoja, na miaka michache baadaye mtu aliweza kuingia cyber, alipe bob moja kwa dakika, afungue blogu ya bure na aandike yale yale bila dhamana ya mtu yeyote. Ukitaka ukoo wetu ndio huo. Sisi ni watoto wa magazeti ya vichochoroni, hata kama wengine wetu tulivaa tai.

Kulikuwa pia na upande wa heshima. Ory Okolloh na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo 2006 ili mwananchi aone mbunge wake anafanya nini bungeni. Okolloh alikuwa na blogu yake pia, Kenyan Pundit. Kulikuwa na blogu ya Kumekucha, kulikuwa na Mars Group ya kina Mwalimu Mati waliokuwa wanaanika hesabu za serikali. Halafu ikafika tarehe 30 Desemba 2007, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, redio na TV zikabaki kupiga nyimbo na nchi inaungua kwa vurugu za uchaguzi. Hapo ndipo Wakenya wengi, hasa wale wa ng'ambo waliokuwa wanatafuta habari za nyumbani usiku mzima, walijua kwamba blogu si mchezo wa vijana. Ushahidi, ile saiti ya kukusanya ripoti za vurugu na kuziweka kwa ramani, ilizaliwa hiyo Januari 2008. Na upande wa pili wa shilingi ukaonekana mwezi huo huo, Mashada ambayo ilikuwa baraza kubwa la Wakenya mtandaoni ilibidi wafunge mijadala kwa sababu ya matusi ya kikabila. Kwa hivyo usidhani kulikuwa na enzi safi halafu ikachafuka. Tulizaliwa na pande zote mbili.

Kilichotufanya tuwe biashara ni vitu viwili. Kwanza nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipotua Mombasa 2009 intaneti ikaanza kushuka bei na simu ikawa ndiyo kompyuta ya mtu maskini. Pili katiba ya 2010. Ilipofika Machi 2013 tukachagua serikali 47 za kaunti kwa siku moja, magavana 47 na wawakilishi wadi 1,450, hao ndio MCA, hapa Nairobi peke yake wadi 85. Sasa piga hesabu. Gazeti kubwa lilikuwa na watu wangapi pale City Hall, makao ya kaunti ya Nairobi? Mmoja, wawili, na huyo mmoja pia anaandika mambo ya mafuriko na matatu. Watu 1,450 wamepewa mamlaka juu ya pesa na hakuna anayewatazama. Hilo pengo ndilo tuliingia.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na Luthuli Avenue, ghorofa ya tatu, chini yetu wanauza spika, kwa hivyo kutoka saa mbili asubuhi mpaka jioni unaandika habari ya kamati ya bajeti huku mtu anajaribu besi. Tulikuwa wanne, laptopu tatu, modemu mbili. Asubuhi mmoja anatembea mpaka City Hall, si mbali, anakaa kwa ile ngazi akiongea na makarani, maana stori yote ilikuwa kwa makarani, MCA mwenyewe atakudanganya lakini karani aliyepiga fotokopi ya kile kitabu cha bajeti anajua ukurasa gani umebadilishwa usiku. Na tulikuwa wazuri bwana, nisijishushe sana. Kuna stori tulitoa za vyoo vya soko, za taa za barabarani zilizolipiwa mara mbili, za MCA waliokwenda kujifunza kuzoa taka nchi ambayo kwa picha walizoweka wenyewe walikuwa beach tu.

Shida ilianza na kuibiana. Unaweka stori saa tatu asubuhi, saa tatu na dakika ishirini iko kwa saiti zingine sita, neno kwa neno. Siku moja kwa hasira niliandika jina la wadi ya jirani zako vibaya makusudi, badala ya Mowlem nikaandika Mowlen, halafu nikakaa nikangoja. Kabla ya chakula cha mchana "Mowlen" ilikuwa Nairobi nzima. Moja ilikuwa imeongeza na maneno "kulingana na uchunguzi wetu". Tulicheka mpaka tukatoa machozi, lakini ukifikiria vizuri hiyo ndiyo ilikuwa hati yetu ya kifo, kwa sababu kama stori ya wiki mbili inaibwa kwa dakika ishirini na mwizi anapata kliki sawa na wewe, nani atamlipa ripota akae kwa ngazi za City Hall?

Maana kliki ndizo zilikuwa zinalipa, ama tulidhani hivyo. AdSense ya Google, ile huduma ya kukuwekea matangazo kwa saiti yako, haikutumii kitu mpaka ufikishe dola 100, na msomaji wa Umoja kwa mtangazaji wa Google thamani yake ni ndogo sana ukilinganisha na wa Marekani. Kuna mwezi tulivunja rekodi yetu ya wasomaji na bado pesa iliyokuja haikulipa kodi ya nyumba. Tukaokolewa na betting. Kutoka kama 2014 kampuni za kamari zilikuwa zinatafuta mahali pa kuweka matangazo kama mtu anayetafuta choo, na zilikuwa zinalipa kwa wakati, ambayo kwa Kenya ni muujiza. Kwa hivyo chini ya kila stori ya ufisadi kulikuwa na tangazo la kumwambia kijana auze godoro acheze. Tuliona na tukanyamaza. Halafu Julai 2019 serikali ikakataa kutoa leseni upya kwa kampuni 27 za kamari, kufikia Septemba ile kubwa yao, SportPesa, ikawa imesimamisha kazi hapa Kenya, na hiyo bomba ikakauka ghafla. Saiti nyingi unazokumbuka ulizoea kuziona, ukienda kuangalia stori ya mwisho iliwekwa lini, utakuta ni kati ya hapo na corona.

Sasa nirudi kwa ile ya kushusha stori. Ilikuwa Ijumaa moja 2015. Ripota wetu alikuwa amefuata kisima kimoja cha maji, kwa vitabu kimekamilika na mkandarasi amelipwa yote, kwa macho ni shimo lenye tangi jeusi la plastiki bila mfereji na mbuzi wawili wamelala kivulini mwake. Picha anazo, karatasi ya malipo anayo. Tukaweka saa kumi jioni. Saa kumi na moja kasoro simu ikaanza. Kwanza matusi, halafu "ndugu yangu tuongee kama wanaume", halafu kijana mmoja mpole sana akapanda zile ngazi na bahasha ya kaki, shilingi elfu thelathini, akasema mheshimiwa hataki shida na mtu, anataka tu stori ipumzike. Kodi ya ofisi ilikuwa elfu ishirini na nane na tulikuwa na deni la miezi miwili. Mimi ndiye nilibonyeza. Ripota alikuwa amesimama nyuma yangu, hakusema kitu, alichukua jaketi lake akaenda stage. Ile stori ilikaa hewani chini ya saa mbili.

Wiki mbili baadaye mheshimiwa mwingine alipiga simu kabla hata hatujaandika. Alikuwa amesikia. Hapo ndipo soko lilijulikana. Na ripota si mjinga, akiona kazi nzuri inaishia kwa bahasha ya mhariri na yeye anaendelea kulala njaa, naye anajifunza. Ikafika mahali vijana wanaandika stori ambazo hazikukusudiwa kusomwa na mtu yeyote isipokuwa yule anayetajwa. Tuliziita ndoano. Unaweka kichwa cha habari kikali, mistari minne, unaahidi "sehemu ya pili kesho", unangoja samaki. Sehemu ya pili haikuwepo, haikuwahi kuwepo. Na si sisi tu, nimekaa na wahariri wa saiti nyingine nyingi, kila mmoja ana jina lake la hiyo kazi lakini kazi ni ile ile.

Sasa fikiria msomaji anaona nini. Stori tamu zote zinapotea. Zinazobaki kwa saiti ni zile hakuna mtu amelipia zishushwe, yaani gavana amezindua, mheshimiwa amehudhuria mazishi, chama kimempongeza. Linki aliyotumiwa jana kwa WhatsApp leo akifungua ni ukurasa mtupu. Mara ya kwanza anadhani ni bando, mara ya tano anaelewa. Babako aliacha kuwasomea lini hizo stori? Mimi nadhani ukimuuliza atakuambia hakuacha siku moja, alipunguza tu, mpaka akasahau.

Kuna pia woga, na hii usiipuuze ati juu nimezungumza sana kuhusu pesa. Bogonko Bosire alikuwa shirika la habari la AFP kabla ya kuanzisha blogu ya Jackal News, alitoweka Septemba 2013 na mpaka leo hajaonekana. Kulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kosa la kutumia vibaya kifaa cha mawasiliano, faini elfu 50 ama miezi mitatu ndani, maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba mtu yeyote aliyeudhika angeweza kukukamatisha Ijumaa ulale seli mpaka Jumatatu, na hiyo wikendi ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Mahakama Kuu ilikitupa Aprili 2016. Februari 2017 ikatupa na kile cha jinai ya kuchafua jina. Tukasherehekea zaidi ya mwaka mzima, halafu Mei 2018 ikaja sheria ya makosa ya kompyuta, habari ya uongo ikawekewa faini mpaka milioni 5 ama kifungo mpaka miaka 10. Chama cha mabloga, BAKE, kilikwenda kortini kikapata vifungu 26 vimesimamishwa, lakini Februari 2020 kesi ikatupwa. Tofauti ya elfu 50 na milioni 5 unaielewa. Gazeti kubwa lina wakili wake wa mwaka mzima, sisi wakili wetu alikuwa binamu ya mtu. Na Juni 2025 uliona wewe mwenyewe, Albert Ojwang, mwalimu tu aliyekuwa anaandika mitandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu naibu inspekta jenerali wa polisi, akaletwa mpaka kituo cha polisi cha Central hapa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Sikwambii hivyo nikutishe. Nakwambia ili mamako ajue unafanya kazi gani.

Ya Facebook sasa, tuipitie haraka. Ni kweli watu wetu karibu wote walikuwa wanakuja kupitia Facebook, na Januari 2018 Zuckerberg alipotangaza kwamba sasa watu wataonyeshwa zaidi ya marafiki na familia na kidogo ya kurasa za habari, grafu yetu ilianguka kama jiwe kisimani. Lakini saiti yenye wasomaji wake ingeumia ipone. Sisi hatukuwa na wasomaji, tulikuwa na wapita njia.

Na mwanasiasa naye akaamka. Kwa nini anunue saiti na saiti ina mhariri ambaye kesho atapandisha bei? Mwaka 2017 tuliona kampuni ya Texas, Harris Media, ikitengeneza saiti nzima ya kumpaka Raila matope, The Real Raila, pamoja na nyingine ya kumsifu Uhuru, na matangazo yake yalikuwa yanakufuata kila ukiingia Google. Hiyo ilikuwa njia ya matajiri. Njia ya kawaida ilikuwa rahisi zaidi, vijana wenye simu. Utafiti wa Odanga Madung na Brian Obilo uliotolewa na Mozilla 2021 ulikuta kijana wa kusukuma hashtegi za BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, analipwa kama dola 10 mpaka 15 kwa kampeni moja. Si mnawaita 527? Mia tano ya kazi na ishirini na saba ya kutolea M-Pesa. Sisi ofisi nzima, kodi, stima na laptopu, tungeshindana aje na mia tano na ya kutolea? Yule mheshimiwa wa kisima siku hizi ana TikTok yake, anajirekodi mwenyewe akiwa na buti za mpira, na watu wanampenda.

Hata ile siku yetu kubwa, siku ya matokeo, tulinyang'anywa. Zamani usiku wa kura ndio ulikuwa Krismasi yetu, fomu zimepigwa picha na wakala fulani huko mashinani, tunaziweka wa kwanza. Agosti 2022 tume yenyewe ya uchaguzi iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwa tovuti yake, vituo 46,229, mtu yeyote mwenye bando akafungua akajumlisha kwa meza yake ya jikoni. Na Juni 2024 wakati wa Mswada wa Fedha, vijana waliusoma mswada, wakaufupisha, wakautafsiri kwa Kikuyu na Kijaluo na lugha ya ishara, wakajadili kwa X usiku kucha maelfu kwa maelfu, na sikumbuki mtu hata mmoja akiuliza zile saiti za siasa zinasema nini.

Waliobaki ni wa aina nyingine. Tuko na Kenyans.co.ke wanaishi kwa wingi, nchi nzima, siasa zimechanganywa na ndoa za masupastaa. Nation walianza kutoza wasomaji 2021. The Elephant wanaandika uchambuzi, Africa Uncensored ya John-Allan Namu wanafanya upelelezi wa kina, na hizo mbili haziishi kwa kliki. Lakini hakuna kati ya hao atakayekuambia kamati ya maji ya kaunti ilikaa Jumanne ikapitisha nini. Lile pengo la 2013 liko wazi tena, na safari hii ni baya zaidi juu zamani angalau waheshimiwa walikuwa wanatuogopa kidogo.

Kwa hivyo nitakula? Mwaka wa kwanza, hapana. Nakuambia hivyo mapema usije ukauza friji. Weka kando kabisa mambo ya AdSense, ikija ije. Anza na WhatsApp, watu mia mbili wa Umoja One, Umoja Two, Mowlem na Kariobangi South, eneobunge lako tu la Embakasi West, wadi nne hizo unaweza kutembea kwa miguu. Wape kitu kimoja kila Ijumaa ambacho hakuna mwingine anawapa. Na hicho kitu kiko bure, kimelala, hakuna anayekisoma. Mkaguzi mkuu wa hesabu anatoa ripoti ya kila kaunti kila mwaka. Msimamizi wa bajeti anatoa ripoti za matumizi kila robo mwaka. Kuna hansadi ya bunge la kaunti. Kuna Gazeti Rasmi la serikali. Mkaguzi akiandika kwamba mradi fulani ulilipwa na haukuonekana, chukua hiyo sentensi moja, panda matatu, nenda mpaka mahali penyewe, piga picha, uliza mama mboga wa karibu mkandarasi aliondoka lini. Hiyo ni stori tayari, na ukishtakiwa unaweka ripoti ya mkaguzi mezani.

Wakikunyima karatasi, andika barua kwa sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 za kukujibu, wakinyamaza peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya ombudsman. Sisi kwa miaka yetu yote tuliandika barua kama hiyo mara mbili tu na mara moja walijibu. Tulikuwa tumezoea njia ya karani. Karani bado ni muhimu, mnunulie chai, lakini chai iwe chai.

Pesa itatoka kwa watu wanaohitaji kujua kwa sababu inawagusa mfukoni. Kila mwaka kaunti ina sheria yake ya fedha, ada ya kuegesha gari, leseni ya biashara, kodi ya ploti, na tangazo la kuita wananchi kutoa maoni linawekwa gazetini kwa herufi ndogo ambazo hata mimi na miwani nashindwa. Mwenye duka la hardware, mwenye ploti za kukodisha, chama cha wakazi, hao watakulipa mia mbili ama mia tatu kwa mwezi kwa till namba ya M-Pesa ukiwaambia mapema na kwa Kiswahili rahisi. Nina kikundi kimoja nasaidia ambacho hakina hata saiti, kina orodha ya WhatsApp na till, na wanawalipa watu wawili mshahara mdogo kila mwezi. Mshahara mdogo, nimesema, lakini tarehe tano uko.

Kuhusu bahasha, itakuja. Usijiambie wewe ni tofauti, mimi pia nilikuwa tofauti mpaka deni la kodi likafika. Kilichonisaidia kuelewa, nikiwa nimechelewa, ni kwamba uamuzi haufai kubaki mkononi mwako ile saa bahasha iko mezani. Stori ikitoka tu, dakika hiyo hiyo ihifadhi kwa Wayback Machine ya Internet Archive, ni bure, na chini ya kila stori andika kwamba makosa tunarekebisha hapa hapa na tarehe tunaweka, lakini stori hatushushi. Kijana mpole akipanda ngazi, mpe kiti, mpe maji, mwonyeshe. Huna cha kumuuzia. Na kabla hujaweka, mpigie huyo unayemwandika, mpe muda wa haki ajibu, na uweke alichosema hata kama ni upuuzi.

La mwisho ni domeni. Chukua .co.ke, kwa mwaka haifiki elfu mbili, na wakazi wanaiamini. Lakini iandikishe kwa jina lako wewe, kwa barua pepe yako wewe, siyo ya yule jamaa anakusaidia na laptopu na siyo ya mfadhili yeyote hata akiwa mjomba. Yetu ilikuwa kwa jina la bwana aliyetukodishia ofisi mwanzoni, mfanyabiashara aliyekuwa na ndoto ya kiti, na alipoanguka mchujo 2017 akaanza kukosa kulipa, tukakosana, 2019 tukaondoka na viti vyetu na yeye akabaki na jina. Hakuilipia tena. Stori zetu zote za miaka minane, za vyoo vya soko, za taa, hata Mowlen, zilikuwa humo. Juzi nilijaribu kuifungua kwa simu nikiwa kwa foleni ya benki. Inafunguka vizuri, haraka kuliko zamani. Ni odds za mechi za wikendi.